Ubao Mzuri Ulioliwa Ndani

Fundi seremala hakununua ubao kwa macho. Aliugonga kwanza kwa kidole, sikio likiwa karibu, huku muuza mbao akinung'unika kwamba anapotezewa muda. Asubuhi hiyo aligonga ubao uliopendeza kuliko zote, akaurudisha.

"Nje mzuri," alisema, "ndani umebunguliwa na wadudu."

Jirani yake nesi alikuwa amekuja kuchagua mbao za rafu yake. Akacheka.

"Na wewe, kaka fundi, nani amewahi kukusikiliza ndani?"

Fundi akajisifu kwamba anakula akashiba, analala akakoroma, hata kichwa hakimuumi. Nesi akamwambia kuwa presha ya kupanda mara nyingi haiumi popote. Inaharibu moyo, ubongo na figo kimyakimya, na mwenyewe anapiga mluzi. Njia ya kuijua ni kupima.

Maneno hayo yalimkaa fundi rohoni. Kaka yake mkubwa alianguka kwa kiharusi akiwa anacheka, na mpaka leo mkono wake wa kulia haushiki kijiko. Fundi aliuogopea mkono wake. Bila mkono huo, nyumbani hakuliki.

Akaenda zahanati. Presha ilikuwa 170 kwa 105. Wakampumzisha, wakapima tena, wakamwita siku nyingine mbili. Bado ilikuwa juu. Akapewa dawa, kidonge kimoja kila siku, akaambiwa apunguze chumvi.

Baada ya mwezi ilishuka hadi 128 kwa 80. Fundi akafurahi, na dawa akaiacha bila kumwambia mtu.

Majuma matatu baadaye mkewe alikuwa anafagia karakana. Akakuta kopo la vidonge limefunikwa na vumbi la mbao. Akalipuliza, akapiga chafya.

"Baba watoto, mara ya mwisho ulikunywa lini?"

"Presha imeshashuka, mke wangu. Gundi ikikauka, jiriwa iliyobana mbao tunaifungua."

Mke aliweka ufagio chini. Alimshika mkono, akampeleka zahanati kwa nesi, fundi akiwa bado na aproni ya kazi mwilini. Kipimo kikasoma 166 kwa 100.

"Mbona sijasikia chochote?" fundi aliuliza. Safari hii aliogopa kweli.

"Ndiyo tabia yake," nesi alisema. "Na haikauki kama gundi, kaka. Kidonge ndicho jiriwa yenyewe. Ukiifungua, kiungo kinaachia. Usiache dawa mpaka daktari akwambie."

Hilo fundi alilielewa vizuri, kwa kuwa ni la kazini kwake. Siku hizi kopo linaning'inia kwenye msumari juu ya meza yake, na hagusi randa kabla ya kumeza kidonge. Kila mwezi anapima, na presha imetulia. Mkewe naye alipima akakutwa salama, na haipiti siku bila yeye kumkumbusha mumewe ushindi huo.

Jana muuza mbao alileta mbao karakana, akamwona akimeza dawa, akamcheka. Eti mtu mwenye nguvu zake anakula vidonge kama mgonjwa.

"Nitazame mimi," alisema. "Sijaumwa hata siku moja."

Fundi akamtazama toka utosini hadi nyayoni. Kisha akachagua ubao mzuri kuliko zote, akaugonga. Ukalia kama debe tupu.

Muuza mbao akautazama ubao, kisha akajipapasa kifua.

"Hiyo zahanati yenu," aliuliza, "inafunguliwa saa ngapi?"