Acha Kalamu Amalize

"Hesabu mwenyewe," Kalamu alisema, akamsukumia Redio daftari. "Fundi viatu ametamka maneno manane. 'Karibuni. Ndiyo. Ngozi. Aha. Sawa. Ndiyo. Haya. Kwaherini.' Ukurasa wote uliobaki ni wewe."

"Si ungeuliza wewe basi," Redio alijibu. "Mzee mwenyewe haongei. Mimi nilikuwa nasaidia."

"Haongei? Nilimwona akifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza ukamweleza habari za viatu vya mjomba wako. Mara ya pili ukamfundisha jinsi gundi inavyoshika, yeye aliyekaa na gundi miaka thelathini. Mara ya tatu akachukua nyundo akaanza kugonga."

"Alikuwa na kazi."

"Alikuwa amekuchoka."

Walikuwa wamesimama kwenye ngazi za darasa lao wakati wa mapumziko. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya wawili wawili: watafute mtu wa mtaani, wamuulize kuhusu kazi anayoifanya, kisha Ijumaa wawasomee wenzao. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, nao walikuwa na maneno manane.

Redio hakupewa jina hilo bure. Alianza kuongea asubuhi akivua mkoba na kuendelea mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kalamu aliitwa hivyo kwa sababu ya mwandiko wake, ambao mwalimu alipenda kuuonyesha darasa zima. Alikuwa mtu wa tatu kukaa dawati moja na Redio mwaka huo. Wa kwanza aliomba kuhamia karibu na mlango, akisema anataka upepo. Wa pili aliomba kuhamia pembeni, akisema upepo unamsumbua. Redio aliwaamini wote wawili.

"Na si fundi peke yake," Kalamu aliendelea, sauti ikishuka. "Jumatatu nilitaka kukuambia jambo. Jambo kubwa. Nikaanza, ukanidakia na habari za jino lako. Jana nikaanza tena, ukasema, 'Najua, najua, hata mimi.' Unajua nini?"

Redio alifungua mdomo. Alipoangalia ndani ya kichwa chake, hakukuta kitu. Hakujua lolote.

"Ni jambo gani?"

"Sasa sitaki tena."

Kalamu alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, Redio akimfuata nyuma, akaomba apewe mwenzake mwingine. Mwalimu aliwatazama wote wawili, kisha akasema, "Kesho asubuhi mniambie. Mkiwa bado hamwelewani, nitawatenganisha kwa kazi na kwa dawati."

Siku nzima iliyobaki Redio hakusikia hata nusu ya masomo. Swali moja lilikuwa limemganda. Kwa nini watu humkimbia, naye huwapa hadithi zake zote bila choyo?

Baada ya shule alikwenda kwa mama yake, ambaye alikuwa msusi. Chumba cha kazi kilikuwa na viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, beseni, na chupa ya chai ya kuwekea maji ya moto. Kila alasiri kazi ya Redio ilikuwa kufumua nywele za wateja kabla mama hajaanza kusuka.

"Mama, hivi mimi naongea sana?"

"Ndiyo," mama alisema bila kugeuka. "Nawa mikono. Mteja anasubiri."

"Sana kiasi gani?"

"Kiasi kwamba kuna mteja huuliza kwanza kama umesharudi kutoka shuleni."

Aliyekuwa kitini ni mwanamke mwuza mikate, mtu mnene mwenye vicheko vya karibu. Redio alianza kufumua msuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika upande wa kushoto, mwuza mikate aliinua kidole. "Mwanangu, hapo nyuma ya sikio pana..."

"Pana mba, najua," Redio alidaka. "Hata mimi nilikuwa nao, tena mbaya kuliko wa kwako. Nilijikuna mpaka mama akanikata kucha zote, na siku ile ile..."

Akapitisha kitana kwa nguvu.

Mwuza mikate alipiga yowe lililowafanya wapita njia wachungulie mlangoni. Kwenye meno ya kitana palikuwa na damu.

"Pana jipu," alisema mwuza mikate, machozi yakimlengalenga. "Ndicho nilichokuwa nataka kusema."

Mama alikichukua kitana kutoka mkononi mwa Redio. Aliosha kidonda kwa maji ya vuguvugu, akakikandamiza kwa pamba safi, akamwomba mteja radhi mara mbili. Kisha akamwambia binti yake, "Kaa pale. Usiguse kitu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Redio zaidi.

Redio alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kugusa kitu wala uso wa kumwonyesha mtu, alibaki na kazi moja tu: kutazama. Na alipotazama, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona, ingawa alishinda chumbani humo kila siku.

"Linauma tangu lini?" mama alimwuliza mwuza mikate. Baada ya hapo akanyamaza. Mkono ulisimama hewani na pamba yake.

Ulimi wa Redio ulimwasha. Alianza kuhesabu moyoni ili asiseme. Alipofika saba, mwuza mikate akajibu, "Tangu wiki iliyopita."

Redio alidhani mazungumzo yamekwisha. Lakini mama bado hakusema neno. Redio akahesabu tena. Alipofika tano, mwuza mikate akashusha pumzi. "Kusema kweli, usiku silali. Naogopa kwenda zahanati. Nimesikia watalipasua."

"Unaogopa," mama alisema.

Basi, ni hilo tu. Na mwuza mikate akafunguka. Akasimulia jipu la dada yake, na sindano aliyochomwa utotoni. Akazunguka huko kote, mwisho akasema mwenyewe, "Ah, bora kwenda kuliko kuteseka. Kesho asubuhi nakwenda."

Redio alishangaa. Mama alikuwa ametumia maneno manne tu, akapata hadithi nzima, kama mtu anayeteka maji bila kuvuta kamba. Yeye kwa fundi viatu alikuwa ametumia ukurasa mzima akapata maneno manane. Je, siri ilikuwa katika kunyamaza tu? Hata yeye angeweza?

Alitaka kujaribu. Mama alipotoka nje kumwaga maji, Redio alisogea. Kwanza aliomba radhi. Kisha akauliza, "Mama, wewe unayeoka mikate kila siku, unapenda mkate gani?" Haraka akabana vibanio viwili vya nywele kati ya midomo, kama mama alivyozoea kufanya akisuka, ili mdomo uwe na kazi nyingine.

Moja, mbili, tatu. Ilikuwa vigumu kuliko kubeba ndoo ya maji. Tisa, kumi.

"Utacheka," mwuza mikate alisema mwishowe. "Mimi sili mkate."

Redio alitoa macho. Vibanio nusura vianguke.

"Nikiuma tu, nasikia kasoro zake. Chumvi imezidi, moto umepungua. Siwezi kula kwa amani. Hata wanangu hawajui; wanadhani nawaachia wao."

Tangu mwuza mikate aanze kuja pale ilikuwa miaka miwili, na muda wote huo Redio hakuwahi kujua chochote kumhusu isipokuwa bei ya mkate.

Mteja alipokwisha kusukwa na kuondoka, mama alianza kufagia nywele sakafuni. Redio alishika chombo cha kuzolea takataka.

"Mama, mtu akinyamaza mimi naogopa. Naona kama amenichoka. Kwa hiyo namjazia maneno."

"Na ukimjazia, anachoka kweli," mama alisema. Aliegemea fagio. "Sikiliza. Mtu anapokuletea neno lake, amebeba mzigo, anatafuta pa kuutua. Wewe hujaupokea, unamtwika na wa kwako. Atakukimbia. Si kwamba anakuchukia, ni kichwa kimeelemewa. Halafu utabaki peke yako ukiuliza watu wana nini."

"Kalamu anataka kuhama dawati."

"Umemfanya nini?"

Redio alimweleza yote, hata habari za jino. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nifanyeje?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye jambo yuko kwao."

Redio alivua aproni, akaitundika msumarini. "Nitarudi kabla ya giza."

"Nenda."

Kwao Kalamu hapakuwa mbali. Mama yake alikuwa mpiga pasi, na nguo za watu zilijaa chumba cha mbele, nyingine zimekunjwa, nyingine zikingoja zamu. Kalamu alikuwa uani akianua mashati kwenye kamba. Alipomwona Redio hakumsalimu.

"Nimekuja kuomba radhi," Redio alisema. "Nimekuwa nikikudakia maneno tangu tuanze kukaa dawati moja." Alikuwa na sababu tatu nzuri za kujitetea. Akazimeza. "Jumatatu ulitaka kuniambia jambo. Ukitaka, nakusikiliza."

Kalamu alikunja shati. Akakunja la pili. Redio alihesabu saba, akahesabu ishirini, akapoteza hesabu. Kalamu alikuwa kwenye mikono ya shati la tatu aliposema, "Sioni ubaoni."

Redio alimkumbuka shangazi yake na miwani yake minene, na siku alipokalia miwani hiyo. Hadithi ilifika hadi kwenye meno. Hapo akaizuia. "Tangu lini?"

"Tangu muhula uliopita. Nanakili kutoka kwenye daftari lako. Wewe ukikosea, na mimi nakosa hivyo hivyo."

Redio hakucheka; alianua shati jingine, akangoja.

"Alama zangu zimeshuka," Kalamu aliendelea polepole. "Mama anasema ni uvivu. Nikimwambia leo kuwa ni macho, ataona natafuta kisingizio. Nilitaka uje usimame nami nikimwambia. Wewe ndiye pekee unayeniona nikinakili."

"Nisimame tu?"

"Usimame tu."

"Lini?"

Kalamu aliweka shati juu ya mengine. "Sasa hivi. Nikilala nitaogopa tena."

Waliingia ndani. Mama yake Kalamu alikuwa ameinamia suruali na pasi yake, jasho likimtiririka. "Shikamoo, mama," Redio alisema.

"Marahaba. Nyuso hizo zina nini? Redio, sema wewe. Huyu mwenzako mpaka aanze, jua litazama."

Ilikuwa nafasi ambayo Redio angeitamani maisha yake yote. Alijua habari nzima, na angeweza kuimaliza kwa pumzi moja.

"Atasema mwenyewe, mama," alijibu, akanyamaza.

Mama yake Kalamu alishangaa kidogo. Aliisimamisha pasi, akafuta uso, akangoja. Kalamu akaanza. Alikwama mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyemsaidia. Alisema habari za ubao, za daftari la kunakilia, za mtihani.

"Hebu nisomee mwezi kwenye kalenda ile," mama yake alisema, akionyesha ukuta wa pili.

Kalamu alikunja macho. "Naona picha. Maandishi yako wapi?"

Mama alikaa juu ya rundo la nguo ambazo alikuwa amekwisha kuzinyoosha. "Nami nimekuita mvivu muhula mzima," alisema. "Kila ulipoanza, nilikuwa na jibu tayari. Kumbe kudakia maneno si kosa la watoto peke yao." Aliwatazama wote wawili. "Shikeni hili, na mimi nalishika. Anayekuacha umalize ndiye utakayemwamini. Anayekumalizia maneno utamficha hata ugonjwa."

Akasimama, akachomoa waya wa pasi, akajifunga mtandio. "Kliniki ya macho inafungwa saa kumi na mbili. Vaa viatu."

"Redio aje nasi?"

"Aje."

Wakatoka watatu. Njiani Kalamu alikuwa amechangamka kama mtu aliyetua gunia. Alisema kesho atamwambia mwalimu hahami. Alisema baada ya shule watarudi kwa fundi viatu, Redio aulize na yeye aandike, kisha wangoje hata kama mzee atagonga misumari kumi kabla ya kujibu. Alisema na mengine mengi. Redio alikuwa na la kuongeza kuhusu misumari, tena zuri, lakini Kalamu alikuwa hajamaliza. Wakavuka barabara, wakakata kona, na Kalamu bado anaongea.