Uzio wa Michai wa Bibi Kinu

Asubuhi kwa Chizuru huanza kwa kuosha mchele. Wali ukiiva, kijiko cha kwanza huwekwa kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya baba mkwe wake aliyefariki. Pembeni ya wali huwekwa kikombe cha chai ya kijani. Chizuru hugonga kengele ndogo, hukutanisha viganja na kuomba. Baada ya hapo ndipo walio hai wanakula.

Mimi ni jirani yao. Nyumba yangu na yao zimetenganishwa na uzio wa michai, hapa kwetu Kakegawa, chini ya vilima vya chai. Uzio huo aliupanda yule marehemu akiwa kijana. Kila mwaka majani mapya yakichipua, mkewe, Bibi Kinu, aliyachuma kwa mkono. Aliyapika kwa mvuke, akayasugua juu ya mkeka, akayakausha kwenye kikaango kipana. Yalipatikana machache tu, ya kujaza kopo moja. Lakini kikombe cha kwanza kilikuwa cha madhabahu, na cha pili kilikuwa chake.

Mwaka ule Bibi Kinu alikuwa kitandani. Moyo wake ulikuwa umechoka.

"Chizuru mwanangu," alisema asubuhi moja, "ibada ya kumbukumbu ya baba yenu itaangukia wakati wa majani mapya. Nataka anywe chai ya mikono yake mwenyewe. Nami nitakunywa baada yake."

"Utakunywa, Mama. Nitachuma mimi."

"Utachuma nini wewe? Unavuta majani kama mtu anayenyonyoa kuku!"

Wakacheka wote wawili, mpaka Bibi Kinu akakohoa.

Mwana wa Bibi Kinu, Yoshiharu, mume wa Chizuru, alifanya kazi kiwandani mjini. Siku yake ya kupumzika ilikuwa Jumapili. Jumapili moja alisimama barabarani, akaitazama nyumba yake kama anavyoitazama mgeni. Chini ya michai, magugu yalikuwa yamefika magotini. Tangu mama yake augue, hakuna aliyeyashika.

"Ndugu zetu wa Nagoya wanakuja," alimwambia mkewe. "Mtawa wa hekaluni anakuja. Wakiona pori hili watasema nini? Watasema baba alizaa mvivu."

"Basi tuyang'oe pole pole jioni," alisema Chizuru.

"Jioni gani? Nikirudi giza limeingia. Nimenunua dawa ya kuua magugu."

Alivaa bomba mgongoni, akaanza kunyunyiza. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mtoni.

"Mume wangu, upepo huo!"

"Nanyunyiza chini tu. Shika miiko yako ya jikoni, nami nishike bomba langu."

Magugu yalipokauka, alikusanya kila kitu kilichokuwa chini ya michai. Alikusanya hata yale majani makavu ya zamani ambayo wazazi wake waliyatandaza miaka mingi. Akayatupa na takataka. Kisha akatandika plastiki nyeusi, akamwaga kokoto nyeupe juu yake. Alifanya kazi mpaka mgongo ukamuuma. Naye alifurahi. Alimbeba mama yake mpaka kwenye mlango wa kusukuma kando unaotazama bustani, akaufungua.

"Mama, tazama! Baba atafurahi."

Bibi Kinu alitazama muda mrefu.

"Yale majani makavu umeyapeleka wapi?"

"Nimeyatupa, Mama. Yalikuwa uchafu."

Mama yake aliomba kurudishwa kitandani.

Majani mapya yalichipua, lakini hayakuchipua vizuri. Chizuru alitoka na kikapu, akarudi nacho kitupu. Alinipungia mkono juu ya uzio.

"Shoga, hebu njoo uone. Majani haya ni membamba kama sindano. Na rangi yake ni ya njano."

Nilipoyaona nikasema tumwite mzee Katsumata. Mzee huyo analima chai kilimani, na maisha yake yote ameyatumia kwenye michai. Alikuja na mundu wake kiunoni. Aliona kokoto kwanza.

"Yoshiharu!" aliita. "Naona umefungua maegesho ya magari. Niweke wapi baiskeli yangu?"

Yoshiharu alitoka akicheka. Lakini mzee alikuwa ameinama juu ya majani, na sasa hakuwa na mzaha.

"Ulinyunyiza dawa hapa?"

"Nilinyunyiza magugu tu, mzee."

"Siku hiyo palikuwa na upepo?"

Yoshiharu alimtazama mkewe. Chizuru alitazama chini.

"Dawa ile huua jani lolote inaloligusa," alisema Katsumata. "Haichagui. Upepo ukiipeleka kwenye mchai, mchai nao huinywa. Ndiyo maana majani yamejikunja. Usiyachume mwaka huu. Kilichonyunyiziwa dawa ya namna hii hakipikwi chai."

"Lakini ibada ni wiki ijayo, mzee! Mama anangoja chai hii."

"Najua. Pole, kijana. Hata mkiyaosha, hayafai."

Yoshiharu alikaa juu ya kokoto zake nyeupe. Alizishika, akaziachia zianguke. Alikuwa ameitengeneza bustani kwa ajili ya baba yake, na chai ya baba yake ndiyo aliyoiharibu.

Siku ya ibada ndugu wa Nagoya walikuja. Waliisifu bustani.

"Safi kabisa! Hakuna hata jani moja chini!"

Kila sifa ilimchoma Yoshiharu. Mtawa alisoma sala, uvumba ukawaka, na kwenye madhabahu kikawekwa kikombe cha chai ya dukani. Ilikuwa chai nzuri, ya bei. Chizuru alimpelekea mama mkwe wake kikombe cha pili. Yoshiharu alikuwa amepiga magoti karibu na kitanda.

"Mama, hii si ya nyumbani. Nisamehe. Mimi ndiye..."

"Najua. Nilijua siku ile mlango ulipofunguliwa."

"Mbona hukunigombeza?"

"Ulikuwa umechoka, mwanangu. Na ulikuwa umefurahi." Alionja kidogo, akakiweka kikombe. "Ni tamu. Lakini Chizuru, maji yalikuwa ya moto mno."

Hakukimaliza.

Baada ya hapo Bibi Kinu alitaka Yoshiharu na Chizuru wajifunze kuandaa chai, maadamu yeye bado yupo. Alifundisha akiwa amelala, wao wakiwa na buli na vikombe mbele yake.

"Maji yakichemka, usiyamwage juu ya majani. Yatatoa uchungu. Yamimine kwanza kwenye vikombe yapoe. Kikombe kikishikika vizuri mkononi, hapo yamimine kwenye buli lenye majani. Ngoja. Yoshiharu, usilitikise! Wewe tangu utotoni huwezi kungoja."

"Nangoja, Mama."

"Sasa mimina kidogo hapa, kidogo pale, kisha rudi. Vikombe vyote viwe na nguvu sawa. Usiache tone ndani. Tone la mwisho ndilo lenye utamu."

"Na majani yaliyobaki?"

"Tia mchuzi wa soya kidogo, mle na wali. Mkishiba, yapelekeni chini ya michai. Yalitoka huko."

Wakati wa kiangazi plastiki nyeusi ilishika joto, na udongo chini yake ukawa mgumu. Michai miwili ilikauka kabisa. Mzee Katsumata alirudi, safari hii bila kuitwa.

"Ondoa plastiki," alisema. "Udongo unahitaji kupumua, na mvua iingie. Hizo kokoto ziweke njiani, watu wapite juu yake bila matope. Magugu yang'oe kwa mkono yakiwa madogo, kidogo kila jioni. Huhitaji siku nzima."

"Na yakirudi, mzee?"

"Yatarudi machache. Majira ya vuli tutapanda mlimani, tukate zile nyasi ndefu. Tutazikausha, tutazikata vipande, tutazitandaza chini ya michai. Hayo ndiyo matandazo. Yanazuia magugu, yanatunza unyevu, na yakioza yanakuwa mboji. Ule 'uchafu' ulioutupa ulikuwa kazi ya baba yako ya miaka mingi."

Yoshiharu alipiga magoti, akaanza kuondoa kokoto.

Vuli ilipofika alikwenda mlimani na mundu wa baba yake. Mikono ilimtoka malengelenge. Penye mapengo, Katsumata alimwonyesha jinsi ya kuchukua tawi la mchai ulio hai, kulilaza na kulifukia kidogo udongoni hadi litoe mizizi. Bibi Kinu alisikiliza sauti ya nyasi zikitandazwa nje.

"Weka nyingi kwenye kona," aliita kwa sauti ndogo. "Kona ile hukauka upesi."

"Nimeweka, Mama!"

"Ongeza."

Akaongeza.

Bibi Kinu alifariki wakati wa baridi, michai ikiwa bado imelala. Alikwenda kwa utulivu, Chizuru akivikutanisha viganja vyake kama vya mtu anayeomba. Mbingu zimpokee. Majani mapya hakuyaona.

Masika yaliyofuata Katsumata alisema, "Bado. Kateni matawi, michai ichipue upya." Yoshiharu, asiyejua kungoja, alingoja. Masika mengine yalipokuja, majani yalitoka mapana, laini, ya kijani cha kung'aa. Chini yake nyoka wadogo wasio na sumu walipita na vyura walilia, na maua madogo ya mlimani yalichanua, mbegu zake zikiwa zimekuja pamoja na nyasi. Nami upande wangu nimetandaza vile vile, na tangu hapo sijanunua dawa.

Yoshiharu na Chizuru walichuma pamoja. Walipika kwa mvuke, wakasugua, wakakausha. Nusu iliungua kidogo. Jioni waliniita.

Yoshiharu alipoza maji. Alimimina kidogo hapa, kidogo pale, akarudi. Alilishika buli juu ya kikombe kimoja mpaka tone la mwisho lilipoanguka. Kikombe hicho hakukinywa. Alikiweka kwenye madhabahu, mbele ya picha ya mama yake, kando ya kile cha baba.

Tulikunywa. Ilikuwa tamu, na nyuma yake uchungu mdogo.

"Mama angesema maji ni ya moto mno," alisema Chizuru.

"Angesema," alijibu Yoshiharu.

Baadaye alikishusha kikombe cha mama. Kilikuwa kimepoa, na kilikuwa kimejaa vile vile. Alitoka nacho nje, akachutama kwenye ile kona inayokauka upesi, akaimwaga chai taratibu juu ya nyasi.