Nyumba ya Hela Nne kwa Siku

Abdulghani alikuwa na duka dogo Ihanda, katika nchi ya Karagwe. Aliuza chumvi, nguo na ushanga. Zilikuwa zama za Wadachi. Watu walikuwa wamezoea kulipa kwa rupia na hela, ingawa wazee wengine bado walileta simbi, zile kauri za kulipia za zamani, kwenye vibuyu. Rupia moja ilikuwa hela mia.

Kila asubuhi wakulima walifika na kahawa, ngozi na asali. Abdulghani alipima nguo. Mkewe, Zuena, alipima chumvi. Mama yake Abdulghani, Bi Mwanamisi, alikaa mlangoni akishona kofia. Alizaliwa Bagamoyo, akaja bara na mumewe katika msafara, na mumewe akazikwa hukuhuku Karagwe.

Mwaka ule Zuena alipoteza mimba ya miezi saba. Alilala siku chache, kisha akarudi kwenye chumvi yake. Hakulia mbele ya watu. Lakini alikonda, na akiinuka ghafla alishika ukuta asianguke.

Siku moja Bi Mwanamisi alimwita mwanawe.

"Abdulghani, mkeo amechoka. Mpeleke Mtagata, kwenye maji ya moto."

"Maji yatamponya, mama?"

"Mimi si mganga. Lakini magoti yangu yalipata nafuu pale, mwaka ule niliokwenda na marehemu baba yako. Na hapa nyumbani Zuena hapumziki. Akikaa chini, mteja anaita."

Abdulghani alikubali. Alimpenda mkewe, ila hakujua la kumwambia tangu msiba ule. Safari ilikuwa jambo analoweza kulifanya.

"Tutafikia kwa nani?" aliuliza. "Kuna wenyeji wanaolaza wageni na kuwapikia."

"Hao ni watu wema," alisema Bi Mwanamisi. "Lakini mgeni hula alichopewa, kwa saa aliyopewa. Mimi meno yangu machache. Nataka chakula laini. Na nyama nataka kujua nani amechinja. Tafuta nyumba tupike wenyewe."

Basi Abdulghani alimwachia binamu yake duka. Walisafiri siku tatu kuelekea kaskazini. Bi Mwanamisi alipanda punda. Zuena alitembea polepole, na Abdulghani akatembea kwa mwendo wake.

Mtagata walikuta bonde lenye miti mirefu. Mbega walirukaruka juu ya matawi. Mvuke ulipanda kati ya mawe. Watu wa kila namna walikuwa wamekaa ndani ya maji: wazee, akina mama, mchungaji mwenye mguu uliovimba.

Abdulghani aliuliza habari za nyumba. Alionyeshwa mtu mmoja aitwaye Kaijage.

"Ninayo nyumba," alisema Kaijage. "Iko kule juu ya kilima."

"Bei gani?"

"Hela nne kwa siku."

"Ipo nyingine ya bei hiyo?"

"Hakuna. Nyingine zote ni hela saba, hela nane."

Abdulghani alifurahi. Alihesabu hela arobaini palepale, akalipa siku zote kumi walizokusudia kukaa. Ndipo wakapanda kilima kwenda kuiona.

Ulikuwa msonge mdogo wa nyasi. Ndani palikuwa na mafiga matatu na majani makavu ya kulalia. Hapakuwa na kitu kingine.

"Mtungi wa maji uko wapi?" aliuliza Zuena.

"Mtungi hatukuuzungumzia," alijibu Kaijage. Hakusema kwa ubaya. "Mke wangu anao. Atakukodisheni mtungi na chungu kwa hela moja kwa siku."

"Na kuni?"

"Kuni zinauzwa. Mzigo ni hela tatu."

"Na maji?"

Kaijage alinyoosha mkono kuelekea bondeni. "Kijito kipo kulekule mlikotoka."

Zuena alitazama njia. Ilikuwa ndefu na yenye mawe. Alikodi mtungi na chungu kwa mke wa Kaijage, akashuka kuteka maji.

Siku ya pili ilikuwa vilevile. Zuena aliamka kabla ya jua. Aliteka maji, akarudi, akawasha moto. Alimenya ndizi, akapika. Aliosha vyungu. Akateka maji tena. Alipomaliza kazi, jua lilikuwa limekwenda, na njia ya kwenda kwenye maji ya moto ilikuwa inateleza. Mchana mvua ilinyesha, na paa likavuja juu ya kitanda chake cha majani.

Abdulghani alioga maji ya moto mara mbili siku hiyo. Alirudi uso unang'aa.

"Maji mazuri mno," alisema. "Mbona wewe huendi?"

"Nitakwenda kesho," alijibu Zuena.

Bi Mwanamisi aliwatazama wote wawili. Magoti yake yalikuwa yamevimba kwa kushuka na kupanda kilima. Hata yeye hakuweza kumsaidia mkwewe kuteka maji.

Siku ya tatu asubuhi Zuena alikuwa anapanda na mtungi kichwani. Nusu ya njia macho yakaingia giza. Aliona mawe yanazunguka. Alipiga magoti, mtungi ukaanguka, ukavunjika vipande.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachimba udongo kando ya njia aliacha jembe lake, akakimbia. Alikuwa Mnyambo, mwenyeji wa nchi ile, mfinyanzi wa vyungu, jina lake Nyakato. Alimshika Zuena mabega, akamketisha kivulini.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Umeumia?"

"Shikamoo, mama. Sikuumia. Nimevunja mtungi wa watu."

"Marahaba. Achana na mtungi. Mimi natengeneza mitungi kila wiki." Alimtazama usoni. "Wewe ni mgonjwa. Nani amekutuma kubeba maji?"

"Hakuna aliyenituma. Tumekuja hapa nipumzike."

Zuena aliposikia maneno yake mwenyewe, alianza kulia. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mtoto wake azikwe. Nyakato hakumwambia anyamaze. Alikaa naye, akamfuta matope mikononi. Alipotulia, Zuena alimweleza yote.

Kisha Nyakato alimchukua polepole hadi juu ya kilima. Abdulghani alipoona nguo ya mkewe imeloa na goti lake linatoka damu, aliruka.

"Zuena! Nini tena?"

"Ameanguka kwa kizunguzungu," alisema Nyakato. "Keti, bwana. Nami nikae. Nataka kukuuliza jambo, kama hutakasirika."

"Uliza, mama."

"Nyumba hii unalipa ngapi?"

"Hela nne kwa siku. Ndiyo nyumba ya bei nafuu kuliko zote."

"Kuni?"

"Mzigo hela tatu. Unakwisha kwa siku moja, maana kuni zimeloa."

"Ndizi?"

"Mkungu hela nne. Tunakula siku mbili."

"Basi ndizi ni hela mbili kwa siku. Na vyungu?"

"Hela moja."

Abdulghani alikuwa mfanyabiashara. Hakuhitaji vidole. Nne, na tatu, na mbili, na moja.

"Kumi," alisema mwisho.

"Kumi," alisema Nyakato. "Nyumba ya hela nne haipo, bwana. Uliyoipanga ni nyumba ya hela kumi. Na bado hatujahesabu maji."

"Maji ni bure. Kijito hakilipiwi."

"Aliyelipa ni huyu hapa." Nyakato alimwonyesha Zuena. "Analipa kwa mgongo. Nyumba ya kupika wenyewe ni nzuri. Unakula unachotaka, kwa saa unayotaka, ukiwa na watu wako peke yenu. Nami nikisafiri napenda hivyo. Lakini lazima kuwe na mikono ya kupika, ya kuteka, ya kukata kuni. Mikono yote ikiwa ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mgonjwa, hapo hamkuja kupumzika. Mmehamisha jiko tu."

Abdulghani aliinamisha kichwa. Duniani hakuna kilichomuuma kama kule kusikia jambo la nyumba yake kutoka kwa mtu wa nje.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Mimi nina msonge mmoja karibu na kijito. Kwa hiyo usinisikilize mimi tu. Mimi ni mwenye nyumba, nataka mpangaji. Njoo uone kwa macho yako kabla ya kutoa hata hela moja. Ingia ndani, tazama paa. Uliza choo kiko wapi. Uliza kuni, vyungu, maji. Uliza wengine waliolala pale. Ukiridhika, lipa siku mbili tatu kwanza. Usilipe zote."

Abdulghani alikwenda naye. Safari hii hakwenda peke yake. Alimpandisha Zuena kwenye punda, aone naye.

Nyumba ya Nyakato ilikuwa ndani ya kibanja cha migomba. Paa lilikuwa jipya. Kuni kavu zilipangwa kando ya mlango. Vyungu vitatu vilikuwa vimefunikwa.

"Vyungu hivi vilipikiwa pombe?" aliuliza Zuena kwa adabu.

"La. Vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, viko kwangu. Hivi ni vipya, nimevichoma mwezi huu."

Kijito kilisikika kutoka mlangoni. Zuena alihesabu hatua. Zilikuwa arobaini na mbili.

"Bei yake?" aliuliza Abdulghani.

"Hela nane kwa siku. Kuni humo, vyungu humo. Ndizi mnakata wenyewe kibanjani, mkungu uliokomaa, kwa kuniuliza kwanza."

Abdulghani alitoka nje. Bi Mwanamisi alikuwa ameshuka na fimbo yake, anahema.

"Mama, ni nyumba nzuri. Lakini nimekwisha lipa kule siku kumi. Hela za siku saba zitapotea."

"Hizo zimekwisha potea, mwanangu," alisema Bi Mwanamisi. "Mkeo bado yupo."

Walihama kabla ya adhuhuri.

Abdulghani alikwenda kwa Kaijage kumpa habari na kumlipa mtungi uliovunjika. Alikuwa amejiandaa kugombana. Lakini Kaijage alimkaribisha, akampa punje za kahawa za kutafuna.

"Sikukudanganya, bwana," alisema. "Uliniuliza bei ya nyumba, nami nikakujibu bei ya nyumba."

"Ni kweli. Sikuuliza lingine."

"Hela zako nimezipeleka kwenye kodi ya boma. Sina za kurudisha. Lakini mkeo ameanguka kwenye njia yangu, na mimi sikulala vizuri kwa ajili ya lile paa." Alimpa kikapu cha maharagwe na jogoo mmoja. "Ukija mwaka mwingine, utalikuta limeezekwa."

Abdulghani alimshukuru. Jogoo alimchinja mwenyewe.

Jioni ile Zuena aliinuka kuchukua mtungi. Mumewe aliushika kabla yake.

"Kaa," alisema.

"Watu watakuona, bwana."

"Waone."

Alikwenda kijitoni. Wasichana wawili waliokuwa wanateka walimtazama, wakacheka kwa kuziba midomo. Hakuwa na ujuzi. Nusu ya maji yalimwagika kifuani mwake. Alirudi, akateka tena. Bi Mwanamisi alikaa jikoni, kwa kuwa kazi ya kukaa aliiweza. Alimenya ndizi na kumwelekeza mwanawe. "Punguza moto. Funika. Usifunuefunue!" Chakula cha kwanza kiliungua chini. Walikila hivyohivyo, na Zuena akala sahani mbili.

Tangu siku ile waligawana kazi. Abdulghani aliteka maji na kukoka moto. Bi Mwanamisi alipika. Zuena alioga maji ya moto asubuhi na alasiri, kisha akalala. Alilala kama mtu aliyekuwa na deni la usingizi la miezi mingi. Siku nyingine alikaa na Nyakato akimtazama anavyofinyanga, nao wakazungumza habari za watoto. Nyakato naye alikuwa amezika wawili.

Maji ya Mtagata hayakumrudishia Zuena alichopoteza. Hakuna maji yanayoweza. Lakini siku ya tisa aliinuka bila kushika ukuta. Na usiku huo alimwambia mumewe jina ambalo alikuwa amemchagulia mtoto. Abdulghani alilirudia jina lile taratibu. Wakamwombea pamoja.

Walirudi Ihanda. Zuena alirudi kwenye chumvi, lakini sasa kila siku baada ya adhuhuri Abdulghani alikaa mwenyewe kwenye mizani, na mkewe akapumzika.

Miezi michache baadaye alifika dukani mteja kutoka kijiji cha Ndama, na mkewe nyuma yake amebeba mzigo. Alikuwa amesikia kwamba Abdulghani anajua nyumba za Mtagata.

"Nataka kumpeleka baba yangu," alisema. "Tutapika wenyewe, tubane matumizi. Niambie, nyumba ya chini kabisa ni bei gani?"

Abdulghani aliweka chini kitambaa alichokuwa anapima.

"Bei nitakwambia," alisema. "Kwanza niambie wewe. Mkifika huko, nani atateka maji?"

Yule mtu alifungua kinywa kujibu. Kisha akageuka nyuma, akamtazama mkewe. Alimtua mzigo kichwani.