Ndimu Nne Chini ya Matairi Mapya

Mvua ilikuwa inanyesha kwa chuki, na mimi nimesimama kwenye gereji ya Paramjit, mimba ya miezi saba, nayagonga matairi kama mtu anayechagua nazi sokoni.

Ilikuwa Januari ya mwaka huu, 2009. Kigari changu, Micra kuukuu, kilikuwa kimevaa matairi manne ya kipara na ukaguzi ulikuwa umekikataa. Kazi yangu ni kuwazungukia wazee majumbani mwao, mtaa mzima wa Erdington hapa Birmingham, kuwalisha na kuwalaza. Bila gari sina kazi. Lakini si kazi tu iliyokuwa ikinikosesha raha. Mimba mbili zilikuwa zimenitoka kabla ya hii, na hii ya tatu nilikuwa nimeapa haitatikiswa hata na shimo la barabarani.

Paramjit, singasinga mwenye subira zake, akanieleza moja moja. Matairi yaliyotumika ni rahisi, lakini hujui yametoka gari gani wala yaligonga nini. Ya baridi ni mazuri kwenye theluji, ila likija joto lazima uyavue, na nyumba yetu haina hata pa kuweka ufagio. Ya kampuni kubwa niliyapita bila kuyatazama machoni. Mwisho akagonga tairi moja la kampuni nisiyoijua, lina alama ndogo ya theluji ubavuni. La misimu yote. Bei yake inavumilika, na si takataka.

"Chukua haya," alisema. "Hata jirani yako nimemwambia ayachukue haya haya."

Jirani yangu ni Bi Jyoti, Mhindi wa Kisumu, mjane wa miaka sitini na kitu. Hakujaaliwa mtoto. Aliondoka Kenya akiwa msichana, na Kiswahili chake amekuja nacho hivyo hivyo hadi Birmingham. Tangu asikie nina mimba, haachi kuja mlangoni na bakuli. "Mize, wewe kula. Mtoto iko na njaa." Nakula. Lakini kila akilitazama tumbo langu, nilikuwa nauvuta mtandio. Nyumbani Zanzibar nimelelewa kumwogopa mwanamke asiye na mtoto anayetazama tumbo la mwenzake namna ile. Kwa hiyo nilimshuku, huku nakula mboga zake na bakuli nalilamba. Ndivyo nilivyo.

Nilifika nyumbani giza linaingia. Nikaegesha, nikaingia kuswali magharibi. Nilipotoka kwenda kwa mzee wangu wa kwanza, taa ya barabarani ilikuwa inamulika gurudumu la mbele.

Chini yake kulikuwa na kitu.

Nikainama kwa shida. Ndimu. Mbichi, imebanwa kati ya tairi na lami. Imepakwa unga mwekundu.

Nikazunguka gari. Ya pili... ya tatu...

Kila tairi na ndimu yake.

Nikainua macho. Pazia la Bi Jyoti lilikuwa wazi. Alikuwa amesimama dirishani, mikono kaikutanisha kifuani, analitazama tumbo langu. Anatabasamu.

Nilirudi ndani, nikampigia simu shangazi yangu Unguja, Bi Zainab, ambaye anayajua mambo haya kuliko anavyokiri.

"Usizikanyage!" alininong'oneza, utadhani ndimu zina masikio. "Hizo zimewekewa hiyo mimba. Ziokote kwa mkono wa kushoto, zitie chumvi. Unamshuku nani?"

Nikalichungulia pazia la ng'ambo.

"Sikuulizi jina, mwanangu. Mrejeshee mwenyewe. Sema: kilichotumwa kwangu, panda kwake."

"Na kama siye yeye?"

"Basi usikosee," akasema.

Nilimshuku kwa sababu alitabasamu. Sikuwa na ushahidi mwingine. Nilingoja pazia lifungwe, nikaziokota ndimu zote kwa mkono wa kushoto, nikazitia chumvi, nikavuka hadi kwenye Corolla yake. Nikaweka moja chini ya kila gurudumu. Nikasema maneno yale kwa kila moja. Ya mwisho, ya nyuma kushoto, ilikuwa ya moto mkononi mwangu, na mvua inanyesha.

Hata sijafika mlangoni, akatoka. Alikuwa anakwenda hekaluni kwake.

"Mize! Tairi mpya maridadi sana!" Akanipungia mkono, akawasha gari.

Pwa...

Pwa...

Ikaja harufu ya ndimu iliyoungua. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Gari likasimama mwisho wa mtaa, taa zake nyekundu zinawaka. Hakuna mlango uliofunguka. Nimetazama vizuri, hakuna. Lakini gari lilishuka nyuma, upande wa kushoto. Taratibu... tairi likabonyea, kama linavyobonyea mtu mnene anapoketi ndani.

Halafu likaondoka.

Na mimi nikaenda kazini, nikarudi, nikalala vizuri. Nililala! Hilo linanichoma kuliko yote.

Theluji ikaja mwanzo wa Februari. Micra yangu na matairi yake mapya ilipita popote. Corolla ya Bi Jyoti iliserereka kwenye kona iliyo tambarare, ikagonga ukuta. Akavunjika mkono. Niliposikia, niseme la haki, nilisema alhamdulillahi.

Wiki ile nikaenda kwa Paramjit anikazie nati. Corolla ilikuwa pale, pua imepondeka.

"Hili gari siliwezi," aliniambia. "Kila mara ananiletea, tairi la nyuma kushoto limekaa. Nalizamisha kwenye maji natafuta tundu, hakuna hata povu. Nalijaza, anaondoka, limekaa tena." Akafuta mikono. "Na wewe, zile ndimu ulizikanyaga?"

"Ndimu gani?"

"Si za Jyoti? Siku ile ulipoondoka tu, alikuja nazo hapa akitaka kuziweka chini ya matairi yako. Wahindi wengi hufanya hivyo kwa gari. Unazikanyaga ukiondoka, nuksi inabaki barabarani. Nikamcheka, nikamwambia kwa kigari kile? Akasema si za gari. Ni za mtoto."

Sikumbuki nilivyoendesha kurudi. Nakumbuka nilikaa nje ya nyumba yangu, mikono kwenye usukani, nalia mpaka kioo kikaingia ukungu. Mikono aliyoikutanisha kifuani dirishani... alikuwa ananiombea.

Nikampigia Bi Zainab.

"Shangazi, kama yeye hakutuma kitu, mimi nimerejesha nini?"

"Hujarejesha, mwanangu," alinong'ona. "Umetuma."

"Nimetuma nini? Mimi sina kitu cha kutuma!"

"Ulikiita, kikaitika. Mimi nijue nini?"

"Nakitoaje?"

"Aliyetuma ndiye anayeita. Simama mlangoni kwako, uache mlango wazi. Sema: rudi nyumbani."

"Nyumbani kwangu?"

"Kwani nyumbani kwake sasa ni wapi?"

Jioni hiyo nilisimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara, Bi Jyoti alikuwa anahangaika kufungua mlango wake kwa mkono mmoja. Nikafumbua mdomo. Mtoto akapiga teke tumboni.

Nikafunga mlango.

Nikajiambia, akishazaliwa. Akazaliwa mwisho wa Machi kwa kupasuliwa, wa kike, mzima, na mume wangu Haidari akamwita Asmahan. Nikajiambia, akishatimiza arubaini. Kila siku nilikuwa na sababu mpya, na kila siku Bi Jyoti alikuwa anakonda.

Jana alikuja kumwona mtoto. Bendeji gumu limetolewa, mkono umebaki mwembamba. Alimpakata Asmahan, akamtazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mize... ile ndimu, wewe nakanyaga?"

"Nilikanyaga, Bi Jyoti."

"Iko vizuri. Mimi najua." Akambusu mtoto kichwani. "Ndio maana hii iko salama."

Nilitamani ardhi inimeze. Ningesema pale pale, ningemwangukia miguuni. Badala yake nikamuuliza kama atakunywa chai.

"Mimi gari yangu ndio baya," akasema, anacheka kidogo. "Nyuma kama mtu napumua. Lakini mimi mzee, kichwa nachoka tu." Akanishika mkono. "Haidari kesho iko kazini. Wewe iko na kidonda, daktari nakataza kuendesha. Kliniki mimi napeleka nyinyi. Hapana kataa! Njoo ona."

Akanivuta hadi mlangoni.

Corolla ilikuwa imetengenezwa. Paramjit ameitia matairi manne mapya, ya misimu yote, sawasawa na yangu. Na nyuma, upande wa kulia, Bi Jyoti alikuwa amefunga kiti cha mtoto. Kipya. Nailoni yake bado haijatolewa.

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limebonyea.

"Mimi nangoja miaka mingi kununua kiti kama hii," alisema, macho yamemjaa machozi.

Asmahan akaanza kulia mikononi mwangu.

Gari likatikisika. Upande wa kushoto ukainuka taratibu... Tairi la kushoto likajaa, likawa zima kabisa.

Tairi la kulia likabonyea.

Kimesogea. Kimekaa karibu na kiti.

"Saa tatu asubuhi," alisema Bi Jyoti, hajaona kitu. "Mimi napiga honi."

Sasa ni saa tatu. Asmahan amelala begani kwangu, nimemvika kofia ya sufu. Kumwambia Bi Jyoti sitakwenda naye, nitoe sababu gani isiyo ya kweli? Na maneno ya kumfungua ni mawili tu, rudi nyumbani, nayajua, ulimi hauyataki.

Honi imelia. Mara moja, kwa adabu, kama alivyo mwenyewe.