Meza ya Watu Sita

"Hii ni noodles ama ni kamba za viatu?" Musimbi aliuliza, akiinua uma juu. Noodles zilining'inia zimeshikana, hazitaki kuachana.

"Kula tu, dadangu. Lunch inaisha," Celine alimjibu, mdomo umejaa.

"Hii si ya kula, ni ya kuomboleza. Mtu anachemsha spageti za supamaketi, anamwaga soya, anabandika picha ya joka mlangoni, ati Kichina. Nilete familia ya mtu hapa?"

Hiyo ilikuwa Jumanne, na hiyo ilikuwa hoteli ya pili. Ile ya kwanza, kuku alikuja ameloa mchuzi mtamu kama dawa ya kikohozi ya watoto, na mhudumu alipoulizwa kama kuna kingine akasema kuna chips. Musimbi alimkazia macho hadi mhudumu akaondoka mwenyewe.

Musimbi alikuwa dada wa mapokezi katika ofisi moja ya bima pale katikati ya jiji. Alikuwa mpangaji Kawangware 46, na kwa miaka miwili alikuwa mpenzi wa Austine, meneja wa mauzo wa ofisi hiyo hiyo. Mpenzi wa siri. Austine ndiye aliyetaka siri, ati kampuni haipendi. Kwa hivyo kazini alimwita "Madam Musimbi, kuna barua zangu?" na wikendi alimwita mpenzi. Ofisi nzima, Celine wa uhasibu pekee ndiye aliyejua.

Jumatatu asubuhi Austine alikuwa ameegemea meza ya mapokezi, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Nitafutie mahali poa pa chakula cha Kichina. Karibu, watu watembee tu kwa miguu. Ijumaa saa saba, meza ya watu sita."

"Wateja?"

"Familia. Lakini onja kwanza, usinitupe kwa takataka. Hiyo ni siku kubwa kwangu."

Familia! Musimbi alihesabu vichwa siku nzima. Yeye na Austine, wawili. Mama Austine, ambaye alisali naye kanisa moja, watatu. Shangazi yake mwenyewe wa Kawangware na mumewe, watano. Wa sita labda mchungaji.

"Alisema familia ya nani?" Celine aliuliza pale kwenye noodles.

"Familia ni familia."

"Na alisema umealikwa?"

"Celine, wewe ulizaliwa na roho mbaya ama uliinunua?"

Jumatano walipanda ngazi nyembamba juu ya duka la vitambaa, nyuma ya ofisi. Hakukuwa na joka. Kulikuwa na meza nane, mama mmoja Mchina aliyevaa malapa, na mpishi Mluhya aliyeitwa Lusweti, aliyekuwa akimbishia huyo mama kwa Kiswahili juu ya tangawizi. Mama alikuwa anamjibu kwa Kiswahili vilevile, na alikuwa anashinda.

Waliletewa samaki mzima wa mvuke, mchuzi mwepesi juu, na biringanya laini zilizokolea kitunguu saumu. Musimbi alionja, akanyamaza.

"Umenyamaza," Celine alisema kwa wasiwasi. "Ni mbaya?"

"Niache nile."

Akaweka meza ya Ijumaa papo hapo. Alitamani kumpigia Mama Austine amwambie, akajizuia. Habari kama hiyo ni ya mtoto kumpa mamake.

Ijumaa alivaa gauni la kijani ambalo shangazi alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Saa saba na dakika tano alipanda ngazi zile.

Viti sita vilikuwa vimejaa.

Austine alikaa katikati, shati jeupe, kando yake msichana mrembo mwenye pete mpya kidoleni. Wengine ni mzee mnene wa suti, mama wa kilemba, na jamaa wawili wa makamo. Austine alimwona, akasimama upesi hata kijiti cha kulia kikamdondoka.

"Ah, Madam Musimbi! Huyu ni dada wa mapokezi ofisini kwetu, ndiye alitupangia meza. Asante sana, eh? Sasa unaweza kurudi."

"Asante, dada," yule msichana alisema kwa tabasamu. "Umetuchagulia poa sana."

"Ofisi yenu ina watu wazuri," mzee wa suti akaongeza. "Mpaka mambo ya mkwe wanasaidia. Mitchelle, umepata nyumba ya heshima."

Mkwe. Kumbe alikuwa amezunguka jiji siku tatu akionja mchuzi, akimtafutia mwanaume wake mahali pa kumposea mwanamke mwingine.

Angeweza kupiga nduru. Angeweza kushuka ngazi akalie chooni. Badala yake alienda meza ya pili, hatua mbili tu kutoka kwao, akavuta kiti, akamwita Lusweti.

"Niletee samaki kama yule wa Jumatano."

Simu ikatetemeka.

*"Musimbi toka hapo. Tutaongea jioni."*

Akaandika: *"Niko lunch."*

*"Usiniharibie. Haya ni mambo ya watu wa maana."*

Aliisoma hiyo mara mbili. Watu wa maana. Akainua macho amwangalie mtu wa maana mwenyewe. Austine alishika vijiti kama anayechomoa mwiba. Mzee akianza kusimulia kichekesho, Austine alicheka kabla hakijafika mwisho. Mama wa kilemba akisifu wali, naye alisifu wali. Musimbi alikuwa akingoja machozi, lakini yaliyokuja hayakuwa machozi. Ilikuwa dharau, safi na baridi, na alishangaa jinsi ilivyomrudishia hamu ya kula. Huyu ndiye alikuwa anamfulia mashati? Huyu?

Mzee, ambaye wote walimwita Mzee Mutunga, aliweka kikombe chini.

"Sasa, kijana. Sisi tumekuja watano. Upande wako uko peke yako. Wazazi?"

"Baba alituacha zamani, mzee. Mama yuko Kisumu. Angependa sana kuja, lakini miguu. Hawezi safari."

"Pole. Yuko Kisumu mjini?"

"Eeh, huko huko. Ana biashara ya samaki."

"Ndogo," Musimbi alisema.

Meza nzima iligeuka.

"Umesemaje, dada?" mzee aliuliza.

"Kisumu Ndogo. Hapo Kibera." Musimbi alipangusa mdomo polepole. "Ana meza mbele ya kanisa, anauza omena. Na miguu iko sawa. Jumapili tulicheza naye kwaya ikiimba mpaka akanichosha."

Austine alicheka kicheko kikavu. "Huyu dada anapenda mchezo. Madam, lunch imeisha, si urudi kazini?"

"Ngoja," Mitchelle alisema. Hakuwa anatabasamu tena. "Dada, unamjua mamake vipi?"

Musimbi alipiga simu, akaiweka spika, akailaza katikati ya sahani zao.

"Nyathina!" Sauti ya mwanamke ililipuka, na nyuma yake muziki wa baa na watu wakibishana bei. "Mtoto wangu, umekula?"

"Ndio nakula, mama. Uko wapi?"

"Niko wapi tena? Si kwa meza yangu. Leo omena imekuja na mchanga, nachagua mpaka macho inauma. Sema."

"Mama, Austine amekuambia ana wageni leo?"

"Austine gani? Huyo tangu Krismasi sijamwona. Si alihamishwa kazi Mombasa? Wewe anakupigia? Mwambie arudi, mje wawili mnikalie hapa mniambie harusi ni lini. Mimi sitaki kungoja mpaka nizeeke."

Mama wa kilemba alishika kifua. Musimbi mwenyewe alishtuka. Mombasa? Jumapili zote hizo mama hakuwahi kumtajia hilo. Austine aliishi Nyayo Highrise, ghorofa ya tano, na kutoka dirisha la jikoni mabati ya Kibera yalionekana yote. Ndiyo sababu pazia la jikoni halikufunguliwa hata siku moja.

"Mathe, kata simu," Austine alibweka.

Muziki wa baa uliendelea kidogo upande ule.

"Huyo ni Austine?"

Austine aliikodolea simu macho.

"Austine. Uko Mombasa hapo?"

"Mathe, nitakupigia baadaye nikueleze."

"Uko na watu? Mnakula?"

"Nitakupigia."

"Usinipigie," sauti ikasema, taratibu sana, na simu ikakatika.

Mitchelle alimgeukia Musimbi.

"Nyinyi ni wa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Mimi miezi saba." Alivua pete, akaiweka kwenye sahani ya Austine, pale penye mifupa ya samaki. "Na mimi nimelelewa na nyanya aliyekuwa anauza mboga Machakos. Ungeniambia tu. Ningekuja kumsaidia mamako kuchagua hizo omena. Lakini kama wewe unaweza kumficha mama, mimi utanificha wapi?"

"Mitchelle, babe, huyu ni sekretari tu, ana wivu..."

"Nyamaza, kijana," Mzee Mutunga alisema, akiinuka. "Unazidi kujivua nguo." Alipopita meza ya Musimbi alisimama kidogo. "Chakula kilikuwa kizuri, mwanangu. Pole."

Walishuka ngazi wote watano. Austine alibaki peke yake na viti vitano vitupu, na Lusweti akamletea supu ya watu sita.

Musimbi alimaliza samaki wake. Hakumwangalia tena.

Jumamosi hakutoka nyumbani. Alilia, ndiyo, lakini si kwa Austine. Alililia zile wikendi zote. Jumapili alipotoka kanisani alikaa na Mama Austine hadi jioni, wakichagua mchanga kwenye omena bila kutaja jina la mtu.

Jumatatu aliomba ruhusa. Saa kumi hivi, mlango wake wa Kawangware 46 ukabishwa. Austine. Ndevu hazijanyolewa, viatu vimejaa tope la uchochoro. Miaka miwili, hakuwahi kufika hapo mchana.

"Musimbi, nisamehe."

"Ongea."

"Nilipotea. Nilidhani nikipata familia ile nitakuwa mtu. Lakini moyo wangu unajua ni wewe. Tangu mwanzo ni wewe."

Kwa dakika moja, na alijichukia kwa dakika hiyo, kitu kililegea ndani yake. Alimwona yule Austine wa siku za kwanza, aliyekuwa akimchekesha hadi anashika ukuta.

"Unataka nini, Austine?"

"Mathe hashiki simu yangu. Nimepiga mara thelathini. Nimetuma ujumbe, hajibu." Alimsogelea, sauti ikawa ya ile meza ya mapokezi, ya chini, ya kutuma. "Wewe anakusikiza. Nenda umwongeleshe. Mwambie ilikuwa mchezo wa ofisi, atakuamini. Nifanyie hiyo tu, tutaanza upya."

Musimbi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Kisha akacheka, na kicheko kilimtoka cha kweli, hadi jirani aliyekuwa anaanika nguo akageuka.

"Kumbe umekuja kunituma tena!"

"Si hivyo..."

"Ni hivyo. Ulinituma nikutafutie chakula cha mchumba wako. Leo unanituma nikutafutie mama. Kesho utanituma nini, nikuolee?"

"Musimbi, tafadhali. Nitaanzia wapi mimi?"

"Fungua pazia la jikoni. Utaona mabati. Shuka ngazi, vuka barabara, ufuate reli. Hata nusu saa haifiki kwa miguu."

Akafunga mlango. Alingoja kusikia viatu vyake vikienda, na viatu vilikaa pale muda mrefu kabla ya kwenda.