Nani Anafunga Nyanya za Ashrafu?

Siku ilianza vizuri tu. Chai ya maziwa, chapati za moto kwa mama lishe wa stendi, upepo wa Singida unapuliza vumbi kama kawaida yake. Kama ulitegemea nianze na bundi na radi, pole, hapa hakuna. Binamu yangu Ashrafu alinipigia simu akasema, "Majidi, njoo unifungie chumba."

Jina langu Abdulmajidi. Shule niliiacha kidato cha pili, na iliyopata hasara ni shule. Nusu ya nyumba za mtaa wetu zinawaka taa kwa sababu ya mikono hii. Kwa hiyo Ashrafu aliposema anataka kulima ndani ya nyumba, bila udongo, bila jua, bila mvua, wenye vyeti walimcheka. Mimi nikachukua koleo na bisibisi.

Chumba kilikuwa cha uani. Dirisha tuliliziba kwa nailoni nyeusi, kuta tukazipaka chokaa. Nikapanga mabomba ya plastiki ukutani, moja juu ya jingine, nikayatoboa matundu. Kila tundu na kikopo chake, kila kikopo na mche umekaa kwenye kipande cha sponji. Chini niliweka pipa la maji yenye mbolea. Pampu inayapandisha, yanapita kwenye mizizi, yanarudi pipani, basi, kazi hiyo hiyo mchana na usiku. Upande mmoja saladi, upande wa pili zile nyanya ndogo za hotelini, ambazo shina lake lazima ulifunge kwa kamba mpaka darini, la sivyo linalala chini kama mlevi. Juu nikaning'iniza taa za zambarau. Nilipowasha, chumba kizima kikawa na rangi ya nyama mbichi.

"Kaka, hapa umepata," nikamwambia. "Kuku wako walikufa kwa kideri, nyanya hazina kideri."

Ashrafu akaniwekea sharti moja. Mtu haingii. Mlango unakaa na kufuli, maana wadudu na ukungu huingia na viatu vya watu. Hilo lilikuwa sharti la kitaalamu kabisa. Ila watu wa mtaa wetu, ukifunga mlango tu wameshakupangia uchawi. Waliona mwanga wa zambarau unavuja chini ya mlango, wakasikia maji yanatiririka saa zote, wakamaliza kesi. Ashrafu anafuga misukule.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. "Msukule gani anafugwa na saladi?" nikawauliza. Wakawa wananipisha njia.

Aliyeniudhi zaidi ni jirani wa ukuta wa pili, Severina, mama yake Deo, Mnyiramba wa Kinampanda. Deo alikuwa kijana wa mnadani, anafunga kuku miguu kwa ajili ya wafanyabiashara wanaopeleka Dar. Mwaka jana alianguka akiwa na kuku mkononi, na hospitali hakufika. Wakamzika Kinampanda. Tangu siku hiyo mama yake anasema neno moja tu: aliyekuwa kwenye jeneza si mwanawe.

Alikuwa anasimama kwenye geti la Ashrafu asubuhi, mikono ndani ya kitenge.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Kwetu mzee anaweza kukuchukia, anaweza hata kukutukana, lakini shikamoo ataiitikia. Yule mama aliniangalia mpaka nikaangalia chini mimi mwenyewe, Majidi.

"Mwambie ndugu yako amtoe," akasema kwa sauti ya chini. "Sitaki ugomvi na mtu. Namtaka mwanangu, nimpeleke nyumbani alale."

Ashrafu alitoka na kandambili mkononi. "Mama, kalie kwenu! Hapa ni biashara!" Mama akaondoka. Kesho yake akarudi, akasimama palepale.

Sasa nisikilize vizuri, wewe unayejifanya hushtuki.

Nyanya za ndani zina taabu yake. Hakuna upepo, hakuna nyuki. Kila siku lazima mtu apite shina kwa shina, aguse maua yatikisike, vinginevyo huambulii hata moja. Na Ashrafu namjua. Huyu mtu hata soksi zake anafuliwa. Lakini nyanya zilizaa mpaka matawi yakapinda. Majani yaliyokufa yalichumwa. Mabomba yalisuguliwa, hayakuwa na uteute hata kidogo. Kila shina likirefuka, unakuta limeshafungwa.

"Umeajiri nani?" nikamuuliza.

Akacheka kwa meno tu, macho hayakucheka.

Kwenye kona ya chumba, nyuma ya pipa, niliona beseni la pumba. Pumba za mahindi, zimelowekwa.

"Hizi za nini? Huna hata kifaranga."

"Za panya," akasema, akanitoa nje akiwa amenishika bega.

Lakini nilishaliona beseni. Pumba zilikuwa zimechotwa, na alama za vidole vinne zilikuwa zimebaki.

Nikajisemea moyoni, Majidi, wewe ni fundi, achana na mabeseni ya watu. Na ningeachana nayo, kama Mama Deo asingenifuata kijiweni. Tulikuwa mafundi tumekaa kivulini tunabishana mpira. Akaja na shina kavu la nyanya, moja ya yale anayotupa Ashrafu kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Kipande cha kamba kilikuwa bado kimelishika.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi, mama. Fundi wa kile chumba ni mimi."

"Funga nione."

Wenzangu wakaanza kunizomea. Nikaichukua kamba kwa mbwembwe, nikazungusha, nikavuta. Fundo likafumuka. Nikarudia, likafumuka tena. Mama akaninyang'anya taratibu, akanionyesha lile la mwanzo. Kamba imezungushwa mara mbili, imepita katikati, imekazwa. Ni fundo la miguu ya kuku. Ukifungwa hivyo hata wakurushe juu ya basi huchomoki. Ncha yake haikukatwa na kisu. Ilikuwa imetafunwa, na katikati uzi mmoja mrefu umebaki haujaguswa.

"Deo alikuwa na pengo hapa," mama akasema, akagusa meno yake ya mbele. "Kamba zake zote zilikuwa hivi."

Kijiweni hakuna aliyecheka tena. Elisha, fundi mwenzangu, alianza kukusanya vifaa vyake bila kuaga.

Mimi sijazoea kushindwa hadharani. Nikaenda kule kule uani, jua la saa saba linapasua kichwa, kwenda kuthibitisha kwamba yule mama amechanganyikiwa. Ashrafu alikuwa amepeleka saladi hotelini. Kufuli nililiweka mimi, na ufunguo wa pili ninao. Nikaingia, nikarudishia mlango nyuma yangu kwa mazoea ya kuzuia wadudu.

Taa zinawaka. Pampu inanguruma. Nikaanza kukagua mafundo. La kwanza, la pili, la tatu. Yote yalikuwa ya kuku. Ncha zote zimetafunwa, uzi mmoja katikati.

Mwisho wa mstari, ua la nyanya likatikisika.

Nikaangalia feni ya ukutani, ile ya kupoza taa. Imezimwa.

Likatikisika la shina linalofuata. Kisha linalofuata. Taratibu, moja moja, kama mtu anayepita anagusa. Yanakuja upande wangu.

Umeme ukakatika.

Giza la kile chumba nimelitengeneza mimi mwenyewe, hata tundu la sindano sikuliacha. Nje ni mchana, ndani huoni kiganja chako. Pampu ikanyamaza. Maji yakaisha kwenye mabomba, tone moja, tone la pili, kimya.

Halafu nikasikia kopo linachota maji kwenye pipa.

Likamimina. Likachota. Likamimina kwenye bomba, polepole, ili mizizi isikauke. Umeme umekatika na kuna mtu anaendelea na kazi.

Sikupiga kelele. Nilinyoosha mkono nyuma kuutafuta mlango. Nikapapasa. Nikapewa kitu.

Nilipewa, narudia. Kiliwekwa kwenye kiganja changu na vidole vikanikunja ngumi nikishike. Vidole vya baridi, laini, vimevimba kama mkate uliosahaulika kwenye chai. Kilikuwa kipande cha kamba. Alidhani nimekuja kumsaidia kufunga.

Na mimi, Majidi, kwa sauti ya mtoto, nikasema, "Asante."

Mlango ukafunguliwa. Ashrafu. Mwanga wa uani ukaingia mpaka kwenye mstari wa mwisho. Nyuma ya majani ya nyanya niliona miguu miwili, myeupe, ngozi imekunjamana kwa maji. Vidole vilikuwa vimeelekea ukutani.

"Usipige kelele," Ashrafu akanong'ona. "Akishtuka anaacha kazi."

"Ulimtoa wapi?"

"Sikumtoa popote. Wallahi. Wiki ile ya kwanza nilikuta kazi imefanyika. Nikaweka pumba, nikakuta zimeliwa. Basi."

"Unajua ni nani?"

Akaangalia pipa.

"Kaka, unajua ni nani?"

"Nikimtoa nakula nini?" akasema. Hakuwa na aibu hata chembe. "Nyie mtanilisha? Hachoki. Hadai. Halali. Funga mlango, Majidi."

Nimesema mengi mabaya juu ya watu wa mtaa wetu, na siyafuti. Lakini siku ile walikuwa na haki. Labda mwanzo walikosea. Kufikia siku ile binamu yangu alikuwa mfugaji kweli, na alijifunza mwenyewe.

Nyuma yake alisimama Mama Deo. Alikuwa amenifuata kutoka kijiweni, miguu mitupu. Ashrafu akatanua mikono mlangoni. Akamsukuma mama wa watu, mtu wa umri wa mama yake, mpaka akagonga ukuta. Nikamkamata Ashrafu shingoni kwa nyuma, tukaanguka wote uani, akaning'ata mkono. Alama hii hapa, nikikutana nawe nitakuonyesha.

Mama akapita.

Hakuwasha tochi. Alivuka kizingiti akaanza kusema kwa Kinyiramba, sauti ya chini kabisa, ile ya kumwamsha mtu aliyelala mchana. Sikuelewa maneno. Niliacha kupigana. Ashrafu naye aliacha. Ndani, kopo lilianguka.

Kisha nikasikia jibu. Halikuwa neno. Ulikuwa mvumo tu, wa mtu anayetaka kusema na hana ulimi.

Mama alitoka taratibu. Mkono wa kulia ameunyoosha pembeni, kiganja kimefumbata, kama unavyomwongoza kipofu. Hakukuwa na mtu. Nimesema hakukuwa na mtu. Lakini kwenye vumbi la uani, pembeni ya nyayo zake kavu, zilikuwa zinatokea nyayo nyingine, za majimaji, moja baada ya nyingine. Kuku wa jirani wote walikimbilia chini ya gari bovu, wakajibana, hawakulia.

Alipofika mbele yangu alisimama.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Ile shikamoo ya siku zote ndiyo aliyoijibu hapo.

Umeme ulirudi kabla ya alasiri. Nyanya zilikuwa zimelala zote, kuanzia dari mpaka sakafuni, mafundo yamefumuka. Mizizi imekuwa ya kahawia, inanuka kama mto uliokauka na samaki ndani. Ashrafu alikaa katikati ya majani yale, akaninyooshea kidole.

"Umenifukuzia mtu wangu," akasema. "Mtu wangu, Majidi."

Sijamsalimia mpaka leo, na yeye hanisalimii. Kile chumba amekifunga, na akimwona fundi mwingine anamuuliza kama anajua pa kumpata kijana wa kazi. Asiyedai, anasema. Kila fundi namwonya.

Mama Deo alirudi Kinampanda siku ile ile, na mtaani hatujamwona tena. Habari zake nilizipata kwa Chediel, kondakta wa basi la Kiomboi, mtu asiyeamini chochote zaidi ya nauli. Alikuja kijiweni kutafuta mtu wa kushona viti.

Anasema yule mama alilipia viti viwili. Kimoja akakaa yeye, cha dirishani akakiacha wazi. Basi likajaa, abiria wamesimama, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Njia nzima mama alikuwa amegeukia dirishani, anaonyesha milima, mashamba ya alizeti, nyumba za watu, akitaja majina. Wakafika Kinampanda. Akashuka kwanza, akasubiri mlangoni kidogo, mkono ameunyoosha. Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea makaburini.

Chediel alipokwenda kufagia basi alikuta kile kiti cha dirishani kimelowa chapachapa. Akadhani ni dumu la mtu. Akakianika juani. Jua la Singida linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika ya pili, wewe mwenyewe unajua.

Wamekibadilisha kitambaa. Wamekibadilisha sponji. Juzi wamekibadilisha hata mbao.

Anayekaa pale anashuka na maji mgongoni, na juu ya bega lake moja, alama ya kichwa cha mtu aliyelala.