Fagio Afuta Masomo ya Redio

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kifungua kinywa, Fagio alikuwa tayari ndani ya chumba cha kompyuta. Alinyoosha viti, akapangusa skrini, akalaza nyaya zote upande mmoja. Jina hilo tulimpa katika bweni letu la wasichana kwa sababu ya kupenda usafi, naye alilibeba kwa heshima kama cheo cha jeshini.

Kwenye kompyuta hizo kulikuwa na mfumo wa kuhifadhi nyaraka za shule. Ndani yake mlikuwa na folda ya sauti kwa ajili ya Redio, mwenzetu asiyeona, ambaye akianza kuzungumza hazimiki. Mama mlezi wa bweni alikuwa amemrekodia somo lote la historia. Redio alibonyeza tu kiungo kwenye simu, na somo likaanza.

Ijumaa moja mchana, Fagio aliamua kuusafisha mfumo. Alitengeneza njia za mkato za masomo ya sauti, yaani alama za kuyafungulia, akazipanga kwenye folda aliyoiita “Safi Kabisa”. Alipotazama tena, aliona kila somo limejitokeza mara mbili. Mara mbili! Kwa Fagio, huo ulikuwa uhalifu. Akayafuta yale ya zamani, akatoka akipiga mluzi.

Jioni Redio akamfuata.

“Fagio, nabonyeza kiungo, simu inasema faili halipo. Na kesho asubuhi ni mtihani wa historia!”

“Ah, mtandao huo. Ngoja nikuletee kwenye flashi.”

Alinakili folda yake, akachomeka flashi kwenye kompyuta nyingine. Alama zikajitokeza, kila moja na kimshale chake, zimenyooka kama gwaride. Akabonyeza ya kwanza. Kimya. Akabonyeza ya pili. Kimya.

“Historia imeisha mapema hivi?” Redio akauliza. “Hata vita havijaanza?”

Fagio akavitazama vile vimshale, akaelewa: vilielekeza kwenye masomo aliyoyafuta. Angeweza kuendelea kuusingizia mtandao; mtandao haujitetei. Lakini Redio alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri sauti.

“Si mtandao,” akasema. “Ni mimi. Nimeyafuta masomo yako.”

Redio akainua kichwa.

“Wewe mtu,” akasema, “siku moja utanifagia na mimi. Haya, nishike mkono twende kwa Mwalimu, upesi!”

Mwalimu wa kompyuta alikuwa akifunga ofisi. Fagio alieleza yote bila kupunguza chochote.

“Umefuta lini?”

“Leo mchana, Mwalimu.”

“Una bahati umesema sasa. Pipa la mfumo, linalopokea vilivyofutwa, hujimwaga lenyewe kila Ijumaa usiku.”

Mwalimu alifungua pipa, na masomo yote yalikuwemo. Akayarudisha.

“Nimtengenezee viungo vipya, Mwalimu?”

“Hebu tuliza mikono! Yamerudi palepale yalipokuwa, na viungo vinapajua.”

Redio akabonyeza simu. Sauti ya Mama mlezi ikajaa ofisini: “Sura ya kwanza. Misafara ya biashara... We! Nani anakula kitandani?”

Redio alicheka mpaka akashika ukuta. Fagio naye alijikuta ameketi sakafuni, kwenye vumbi, na hakujali kabisa.

“Sikiliza, binti yangu,” Mwalimu akasema. “Njia ya mkato ni kama kibao kinachoelekeza bwaloni. Ukibomoa bwalo ukabakiza kibao, sote tutalala njaa. Kabla ya kufuta, hakikisha kwanza kitu chenyewe kimekaa wapi, na uliza kinatumiwa na nani. Kukosea, hata mimi nakosea. Ila kama ungenyamaza mpaka kesho, ni mwenzako angelipia, si wewe. Kusema kwako ndiko kulikomwokoa, kwa hiyo kila mnapo...”

“Samahani, Mwalimu,” Redio akainua kidole. “Hotuba ni nzuri sana, lakini misafara inaniacha.”